Sebule ya Taifa

Palikuwa na nchi iitwayo Sawasawa, na msiitafute kwenye ramani. Ramani ya nchi ile ilikunjwa vizuri, ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungiwa kabatini, na mwenye ufunguo wa kabati yuko likizo. Wala haikuwa zamani sana. Simu za mkononi zilikuwapo, na umeme ulikuwa ukikatika kama kawaida.

Basi asubuhi moja Mtukufu Kiongozi wa Sawasawa aliitafuta miwani yake asiione. Alitafuta mezani, akatafuta mifukoni, akafunua hadi kawa la chakula. Baraza zima la mawaziri likaitwa lije kumsaidia. Waheshimiwa wakainama chini ya viti, wakafunua makapeti, wakapapasa nyuma ya mapazia, na kila mmoja wao alikuwa akiiona miwani juu ya paji la uso la Mtukufu. Lakini nani amwambie? Mwenye nguvu mpishe. Ilipofika adhuhuri Mtukufu akajifuta jasho, miwani ikamdondokea puani, na hapo hapo akaiona nchi yake kwa uwazi ambao hajapata kuwa nao.

"Tatizo la taifa hili," akasema, "ni kwamba vitu havikai mahali pake."

Mawaziri wakapiga makofi. Jioni ile ile ikaundwa Wizara ya Mpangilio wa Nyumbani na Kazini, akakabidhiwa Mheshimiwa Daktari Makabati, msomi aliyepata udaktari wake kwa kupanga vitabu kwa kimo, bila kuvisumbua kwa kuvisoma.

Mheshimiwa Makabati alikuwa hodari wa hotuba. "Ndugu wananchi," alisema redioni, "nchi ni nyumba, na nyumba ni droo. Droo ikifungika, maendeleo yamepatikana. Droo isipofungika, humo mna adui. Kuanzia leo, kila kitu mahali pake!" Wananchi wakaitikia sawasawa, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kuitikia, wakaenda kupanga.

Na tusiwaonee, cha kupanga kilikuwapo. Katika ofisi za Sawasawa faili la mtu lilitumika kuzuia dirisha lisijibamize. Ukienda kuuliza habari za kiwanja chako unaambiwa njoo kesho, na hiyo kesho unamkuta karani amelikalia faili lako kwa sababu kiti chake kimebonyea. Nyumbani nako mtoto akifungua kopo la biskuti anakuta sindano na nyuzi, akifungua kopo la siagi anakuta choroko. Mkasi hupatikana siku usiyoutaka. Kampeni ililetwa penye njaa yake.

*

Wizarani humo alikuwamo Bi. Ruzuna, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Makabati na Rafu. Alikuwa amekaimu kwa muda mrefu hata neno Kaimu likawa kama jina la babu yake. Kadi za harusi zilimjia zimeandikwa "Bi. Kaimu na Bwana." Huyo Bwana alikuwa mumewe, Bwana Kondo, fundi cherehani mpole mwenye maneno ya pembeni. Nao walikuwa na binti mmoja tu, Tunu.

Ukitaka kumjua Bi. Ruzuna, tazama sebule yake. Tazama tu, usiingie. Makochi yalikuwa yangali ndani ya nailoni ya dukani. Juu ya nailoni palikuwa na vitambaa vya kufuma, na juu ya vitambaa pametandikwa nailoni nyingine ili vitambaa visishike vumbi. Rimoti ilivishwa mfuko. Kapeti jipya lilifunikwa kapeti la zamani. Na pembeni lilisimama kabati la vioo, ndani yake vyombo vya kauri vyenye maua ya waridi, alivyoachiwa na marehemu mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake, na katika ukoo wote hakuna aliyepata kulia hata tonge humo. Vilikuwa vyombo vya wageni.

Wenye nyumba waliishi uani. Walikula uani, katika sahani za plastiki zilizoungua pembeni, na televisheni waliitazama kutoka nje, kupitia dirishani. Mpira ukichezwa, Bwana Kondo husimama barazani, amekamata nondo za dirisha kama mtu wa mahabusu, na timu yake ikifunga hushangilia kwa adabu. Tunu tangu utoto wake alipata makofi mawili matatu kwa kukanyaga kapeti, akajifunza. Kila alipouliza kwa nini, aliambiwa, "Ngoja waje wageni."

Tatizo ni kwamba wageni hawakuwa wakija. Watu walikuja, tena wengi, lakini jirani si mgeni, jirani ni jirani tu. Shangazi naye si mgeni, huyo ni mtu wa nyumbani. Mwalimu wa Tunu alikuja siku moja na viatu vyenye tope, akapewa kigoda. Hivyo mgeni aliyestahili sahani zile aliendelea kungojewa, na sahani zikaendelea kufutwa vumbi kila Ijumaa.

Mpaka Tunu alipopata mchumba. Kijana mwenyewe aliitwa Mbaruku, fundi wa majokofu, mcheshi, na Tunu alimpenda kiasi cha kuunguza maandazi akimfikiria. Habari ikaletwa kwamba washenga watakuja kuposa. Bi. Ruzuna alipoisikia alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vioo, akasimama mbele yake, akalia kidogo kwa furaha. Wageni walikuwa wamepatikana.

Hapa inafaa mwelewe desturi ya Sawasawa, ambayo haina maneno mengi. Washenga wakija kuposa hawaambiwi ndiyo wala hapana. Hutazama tu wamekaribishwa wapi. Wakikaribishwa sebuleni, wakaandaliwa katika vyombo vya wageni, posa imekubaliwa. Wakikaribishwa uani, hata kwa biriani, wamekataliwa. Hunywa maji, hushukuru, huondoka, na hawarudi tena.

*

Washenga walikuwa bado hawajaja, Wizara ikaja kwanza. Mheshimiwa Makabati alikuwa akizunguka na jopo lake kutafuta Nyumba ya Mfano, na mpaka siku ile alikuwa hajaona ila aibu. Katika nyumba moja alikuta watu wamekalia viti. Katika nyingine, vikombe vilikuwa na chai. Alipofika kwa Bi. Ruzuna, akafungua mlango wa sebule, akasimama kizingitini na kuvua kofia.

"Nani anakaa humu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakai mtu, Mheshimiwa," akajibu Bi. Ruzuna.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Sisi wenyewe tuko uani."

"Na zile sahani?"

"Hazijapata kuona chakula, Mheshimiwa. Tangu kwa bibi yangu."

Mheshimiwa akatoa leso akajifuta macho. Akawageukia wajumbe wa jopo, akasema, "Mnaona, ndugu zangu? Tumehangaika bure kuwafundisha watu kupanga vitu vizuri. Kumbe siri ni moja. Usivitumie!"

Jopo likaandika. Siku ya pili yake sebule ikatangazwa kuwa Sebule ya Taifa. Ukafungwa utepe mlangoni, juu ya utepe kufuli la serikali, na ufunguo ukapelekwa wizarani kwenye mto mwekundu. Barazani akawekwa Koplo Machupa, mlinzi mtu mzima mwenye masharubu, akapewa na kiti kipya. Kiti chenyewe kilikuwa ndani ya nailoni, kwa hiyo alisimama kando yake akikilinda nacho.

Bi. Ruzuna alifurahi, tusimsingizie. Picha yake ilitoka gazetini. Wanawake wa mtaa waliokuwa wakimsengenya kwamba ana makochi ya maonyesho, sasa walimjia na daftari. Waziri mwenyewe alimnong'oneza kwamba neno lile Kaimu lilikuwa limefikia umri wa kustaafu.

"Hongera, Mama Tunu," Bwana Kondo akamwambia uani jioni ile, akimenya muhogo. "Zamani tulikatazwa kuingia na wewe. Sasa tunakatazwa na dola. Tumepanda cheo."

*

Mfumo wa Sebule ukaenea nchi nzima. Wizarani kompyuta zilivishwa vitambaa vya kufuma. Mihuri ikawekwa kwenye kabati la vioo, ionekane lakini isichakae, kwa hiyo barua hazikugongwa muhuri, na kwa kuwa hazikugongwa hazikutoka, na kwa kuwa hazikutoka hazikupotea. Takwimu za barua zilizopotea zikashuka hadi sifuri, Mtukufu akatoa nishani. Wananchi walihudumiwa kwa nyuma, kwenye Dirisha la Uani, ambako waliambiwa njoo kesho kwa lugha nzuri kuliko zamani.

Hospitali kuu ilikuwa na mashine ya kupimia moyo ambayo ililetwa ndani ya nailoni, ikazinduliwa ndani ya nailoni, na sasa ikapongezwa kwa uzalendo. Vitanda vilitandikwa mashuka yenye marinda, wagonjwa wakalazwa sakafuni wasiyakunje. Mganga mkuu alisifiwa kwa kuwa wodi yake haikuwa na dalili yoyote ya mtu kupona. Barabara mpya ya lami ilifungwa kwa minyororo kungojea wageni, na wananchi wakapita kando yake matopeni wakiisifia ilivyonyooka. Shuleni madawati yaliwekwa ghalani, watoto wakaketi chini, na katika somo la sanaa wakachora madawati.

Viti vya ofisi vyote vilihifadhiwa pia. Watumishi walifanya kazi wima, na Mheshimiwa Makabati, kwa kuwa kiongozi huonyesha njia, hakuketi popote tangu azindue mfumo. Miguu ilimvimba hata viatu vikamkataa. Alikuwa akipokea mabalozi amevaa suti ya vipande vitatu na kandambili.

Watu wa Sawasawa hawakulalamika sana. Kila mmoja wao alikuwa na makochi ya namna ile kwao. Walichoshangaa tu ni kwamba serikali imechelewa kuiga.

*

Siku ya posa ikatajwa, ikawa Jumamosi. Bi. Ruzuna akajitengeneza, akaenda kwa Waziri kuomba ufunguo. Wakasimama wakitazamana mbele ya viti.

"Wageni gani hao?" Waziri akauliza.

"Washenga, Mheshimiwa. Wanakuja kumposa binti yangu."

"Hongera sana. Wanakuja kwa usafiri gani?"

"Nadhani kwa miguu. Kwao si mbali."

Waziri akavuta pumzi kwa huruma. "Bi. Kaimu, wewe ni mwenzetu, unaujua waraka wa Wizara kuhusu wageni. Mgeni wa daraja la kwanza huja kwa ndege. Wa daraja la pili huja na ving'ora. Anayekuja kwa miguu, huyo kwa mujibu wa sheria ni mpita njia. Tena Jumamosi hiyo hiyo naleta ujumbe kutoka ng'ambo kuja kuitazama sebule. Wamesoma habari zako. Wanataka kwenda kuanzisha yao."

"Lakini Mheshimiwa, ile ni nyumba yangu."

"Ilikuwa yako. Sasa ni yetu sote, ndiyo maana hakuna anayeingia." Akampigapiga begani. "Wapokee uani kama mnavyoishi, tutakuazima turubai. Na Jumatatu asubuhi, mambo yakienda vizuri, unaitwa Mkurugenzi. Hilo neno jingine tunalifungia kabatini."

Bi. Ruzuna alitoka pale na mawazo mawili yanayovutana. Alikitaka kile cheo, jamani. Alikitaka tangu nywele zake hazijaota mvi. Akajiambia labda desturi itakubali kupindwa kidogo, akaenda kwa mshenga mwenyewe, Mzee Tutuo, mtu mkavu asiyecheka ila kwenye mazishi ya maadui, akamweleza habari ya turubai.

Mzee Tutuo akamsikiliza hadi mwisho. "Bi. Ruzuna, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini uani ni uani, hata ukitundika mapazia. Mama yake Mbaruku akisikia tumekalishwa karibu na jiko, atamtafutia kijana wake mchumba mwingine kabla hatujarudi. Kama hamtutaki tuambieni, kila mtu ashike lake."

"Tunawataka sana, mzee wangu."

"Basi tutaona wapi mtatuweka," akasema Mzee Tutuo, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Ijumaa alasiri Tunu alikuwa uani akitwanga bizari. Mama yake aliketi kwenye kigoda akichambua mchele, na mchele ulikuwa umeshachambuliwa. Mkononi alikuwa na kitambaa cha kufutia vyombo, kwa mazoea ya Ijumaa, ingawa vyombo vilikuwa upande wa pili wa kufuli.

"Usihuzunike, mwanangu," akasema Bi. Ruzuna. "Nitazungumza nao tena. Na hata wakikasirika, watu hupoa. Mwisho utaolewa tu, na siku ukija kututembelea utakuwa mgeni. Nitakuweka sebuleni, nikuandalie kwenye sahani za bibi yako."

Tunu akasimamisha mchi. "Kwa hiyo, Mama, nitakaa kwenye yale makochi siku nikishakuwa si wa hapa?"

"Ndivyo ilivyo. Mgeni ndiye anayekaa."

"Mimi nimezaliwa nyumba hii. Nimejifunza kutembea kwa kuushika ukuta wa nje wa ile sebule. Nimeugua surua, nimelala jikoni. Nimefaulu mtihani, tumesherehekea chini ya kamba ya nguo." Hakuwa akisema kwa hasira. Alicheka hata. "Nikimwambia Mbaruku sijui kochi letu linabonyea kiasi gani, haamini. Anasema namtania."

Akaendelea kutwanga. Bi. Ruzuna akaacha kuchambua mchele. Moyo ulimuuma kweli, uchungu wa mama aliyehesabu akiba yake yote na kugundua kwamba hajamwekea mwanawe kitu. Alimkumbuka na mama yake mwenyewe, mikono yake iliyokuwa ikifuta sahani zile kwa upole, halafu ikala kwenye kifuu cha nazi. Bibi, mama na yeye, wote watatu walikuwa wamewangojea wageni, na nyumbani mlikuwa na mtu muda wote.

"Bwana Kondo!" akaita ghafla. "Shoka la kuni liko wapi?"

"Mahali pake," akajibu mumewe kutoka kwenye cherehani. "Kwa hiyo sijui."

*

Asubuhi ya Jumamosi shoka likapatikana chini ya gunia la mkaa. Bi. Ruzuna akalibeba hadi barazani, mumewe nyuma, Tunu nyuma yao amejitanda khanga haelewi kitu. Koplo Machupa akapiga saluti, kisha akaliona shoka.

"Mama, hapa nimeagizwa asiingie mtu ila mgeni."

"Agizo zuri. Nimemleta." Akamshika Tunu mkono na kumsogeza mbele.

"Huyu si binti yako?"

"Anaolewa, Koplo. Akitoka hapa harudi ila kwa matembezi. Mgeni gani mwingine unamtaka?"

Koplo Machupa alikuwa na mabinti zake mwenyewe, nao walikuwa wameolewa mbali. Akamtazama Tunu, akatazama kile kiti chake cha nailoni, akakohoa. "Mimi nimeagizwa kuangalia mlango," akasema, "lakini sikuagizwa niuangalie kwa upande gani." Akaupa mlango mgongo na kuikazia macho barabara.

Kufuli la serikali lilikatika kwa pigo moja, kwa kuwa zabuni yake ilipewa shemeji wa mtu. Bi. Ruzuna akaingia na viatu. Akachana nailoni ya juu, akatoa vitambaa, akachana nailoni ya chini, na kochi likatoa harufu ya duka ambalo lilishafungwa zamani. Akafungua kabati, akatoa sahani, akapakua wali wa nazi na mchuzi wa kuku. Akamkalisha bintiye, akamnawisha mikono.

"Kula," akasema.

Tunu alikula mara ya kwanza kwenye sahani ya maua, amekaa ncha ya kochi kama anayengoja kupigwa kofi. Kisha baba yake akamfanyia mzaha, akacheka, akaegemea, mchuzi ukamwagika. Doa la manjano likaenea kwenye kochi, la ukubwa wa kiganja.

Tunu akamtazama mama yake. Bi. Ruzuna akalitazama doa. Kisha akachukua upawa, akamwongeza mchuzi.

*

Washenga walipobisha hodi, Tunu alikuwa ameshajificha chumbani kama desturi inavyotaka. Mzee Tutuo na wenzake wawili wakakaribishwa sebuleni. Wakaingia, wakafurahi, halafu wakasimama. Kila wakiambiwa ketini, husema ahsante na kubaki wima. Nao walikuwa watu wa Sawasawa, na kwao kulikuwa na makochi vilevile. Tangu kuzaliwa walifundishwa kuogopa kitambaa kisichovishwa nailoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukichafua.

Ndipo Mzee Tutuo alipoliona doa. Uso wake ukalainika. "Kumbe kumeshamwagika," akasema kwa faraja kubwa, akajitupa kando ya lile doa, na wenzake wakamfuata. Sahani za waridi zikatoka, wali ukaliwa, posa ikapokelewa. Chumbani kulisikika kigelegele kidogo kilichozibwa kwa mto.

Walikuwa wakinywa chai ving'ora vilipolia. Mheshimiwa Makabati akatokea mlangoni na suti yake na kandambili zake, nyuma yake ujumbe kutoka ng'ambo wenye kamera. Alikuwa ameianza hotuba tangu barabarani. "Na sasa, waheshimiwa wageni, mtashuhudia mahali ambapo mwanadamu hajawahi..." Hapo akamwona Mzee Tutuo akilamba kidole.

"Bi. Kaimu!" akafoka. "Nini hiki?"

"Wageni, Mheshimiwa," akasema Bi. Ruzuna. Alilishika birika kwa mikono miwili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu na wewe uketi."

Ujumbe wa ng'ambo haukungoja tafsiri. Wiki nzima walikuwa wametembezwa nchini wakionyeshwa sahani zilizo safi, na hakuna aliyethubutu kuzichafua kwa ajili yao. Walisogea kwenye sinia kama watu waliovuka jangwa. Waziri akabaki peke yake amesimama. Akalitazama lile kochi lililobonyea. Akaitazama miguu yake. Alianza kusema, "Kwa mujibu wa waraka," na kabla hajafika kwenye kifungu chenyewe magoti yakamsaliti, akaketi.

Alitoa sauti ambayo haijapata kutolewa na waziri yeyote hadharani. Mkalimani alikataa kuitafsiri.

*

Jumatatu ikatoka taarifa rasmi kwamba Mheshimiwa Waziri hakuketi. Alikuwa akifanya ukaguzi wa kochi kwa njia ya kisasa. Bi. Ruzuna yeye alisimamishwa kazi, ambayo tayari alikuwa akiifanya amesimama, na kushtakiwa kwa kosa zito la kugeuza nyumba yake kuwa makazi.

Siku zikapita. Tunu akaolewa, akahamia mji wa mbali kwa mumewe, na Bi. Ruzuna akaonja ule upweke ambao kila mama aliwahi kumwambia habari zake naye hakusikiliza. Kila jioni aliketi sebuleni na Bwana Kondo, wakala muhogo kwenye sahani za maua. Sahani mbili zilikwisha kuvunjika. Moja aliivunja Koplo Machupa, ambaye siku hizi alikuwa akipita kutazama mpira.

Wizara ikaona aibu kukosa Sebule ya Taifa. Nyumba nyingine zote walizokagua zilikuwa zimeharibika, kwa kuwa picha za posa ile zilienea kwenye simu na watu wakaanza kuketi ovyo. Basi kamati ikatumwa kwa Bi. Ruzuna, watu waungwana wenye kalamu, na barua ya Waziri. Makosa yote yalikuwa yamesamehewa. Nailoni mpya ingetolewa na serikali. Neno Kaimu lilikuwa limefutwa, na barua ya ukurugenzi ilikuwa hii hapa, tena imegongwa muhuri, wa kwanza kugongwa nchini tangu mfumo uanze.

"Jambo ni moja tu, Bi. Mkurugenzi," akasema mwenyekiti wa kamati, akionyesha kwa kalamu. "Hilo doa. Tumekuja na fundi na dawa. Ni kazi ya dakika chache, na kochi litakuwa kama halijapata kukaliwa."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti na kufungua chupa yake. Bi. Ruzuna akaja akaketi pembeni ya lile doa, akaweka kiganja chake juu yake.

"Hapo alikaa mwanangu," akasema, na akawauliza kama wangependa chai.